Orodha ya Wapokeaji wa Ruzuku Isomwe kwenye Mkutano wa Kijiji

Hotuba kwa viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, watendaji wa vijiji na maofisa ugani, Mwanza

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, viongozi wa vyama vya msingi kutoka Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema, Buchosa na Ukerewe, watendaji wa vijiji, maofisa ugani wa kata, na wakulima wenzangu mlioamka alfajiri ili muwahi kuketi hapa: mwangaluka.

Nimeombwa nizungumzie ruzuku za kilimo, na barua ya mwaliko ilinitaka nieleze mafanikio na changamoto. Kwa ruhusa yako, Ndugu Mwenyekiti, nitayaweka pembeni maneno hayo mawili, kwa kuwa yamezoeleka mno katika taarifa zetu hata msikilizaji akiyasikia hujua kwamba chai iko karibu. Nitashika swali moja tu. Fedha ya umma inapotolewa kwa jina la mkulima, ni nani hasa anayeipokea, na nani kijijini ana haki ya kujua? Jibu langu nalitoa mapema ili mpate kunipima nalo: orodha ya waliopata ruzuku, pamoja na kiasi alichopata kila mmoja, isomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kila msimu, kisha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtendaji. Uhakiki wa kompyuta una kazi yake na siupingi, lakini mitambo haijui nani ana shamba na nani hana, jirani anajua.

Wengi wenu mnaikumbuka vocha. Mwaka 2008, bei ya chakula na ya mbolea ilipopanda dunia nzima, serikali ilieneza mpango wa taifa wa vocha za pembejeo, baadaye ukisaidiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, kwa lengo la kuzifikia kaya zipatazo milioni 2.5 za wakulima wa mahindi na mpunga. Kaya iliyochaguliwa ilipewa vocha tatu, yaani ya mbolea ya kupandia, ya mbolea ya kukuzia na ya mbegu bora, kwa eneo la ekari moja. Mkulima alitoa takriban nusu ya bei, vocha ikalipia iliyobaki, na baada ya misimu mitatu alitarajiwa awe amepata nguvu ya kununua mwenyewe. Masharti ya nani achaguliwe yalikuwa mazuri kwa kuyasoma: kaya isiwe inalima mahindi au mpunga zaidi ya hekta moja, na zitangulizwe kaya zinazoongozwa na wanawake pamoja na wale ambao kwa miaka iliyotangulia hawakuwa wametumia pembejeo za viwandani. Kazi ya kuchagua ilikabidhiwa kamati ya vocha ya kijiji.

Watafiti Lei Pan na Luc Christiaensen, waliofuatilia vocha hizo mkoani Kilimanjaro na kuchapisha matokeo yao mwaka 2012, walikuta kwamba asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa ziliingia katika kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Nasema Kilimanjaro, si Kwimba, na sitaki mtu atoke hapa akasimulie kwamba nimewasema viongozi wa Kwimba. Lakini yatazameni masharti yale upya, kwa sababu sehemu ya maelezo imo humo humo. Aliyetakiwa kupewa vocha ni mkulima mdogo asiyewahi kununua mbolea. Na huyo huyo alitakiwa awe na nusu ya bei mkononi mwezi Novemba, wakati ghala liko tupu na ada ya shule ya Januari inasubiri. Asiyekuwa na nusu hiyo ama aliachwa na kamati, ama alichaguliwa kisha akaisaini vocha na kumwachia wakala kwa fedha kidogo za kununulia chumvi na sabuni. Kwenye makaratasi, mkulima yule alipata mbolea. Wakala alikwenda benki na vocha yake, akalipwa, na mbolea ikauzwa mara ya pili kwa mwenye fedha.

Mambo hayo hayakwisha kimyakimya. Mawakala wa pembejeo waliohudumu msimu wa 2015/16 walidai malipo yao kwa miaka, serikali ikafanya uhakiki, na Bunge likaelezwa kwamba sehemu ya madai yale ilikuwa ya kughushi. Walioumia zaidi katika uhakiki ule, kwa maoni yangu, ni mawakala waaminifu waliokopa ili wanunue shehena na kisha wakasubiri pamoja na matapeli katika foleni moja, kwa sababu hapakuwa na njia ya haraka ya kumtenga mmoja na mwingine. Ingalikuwapo orodha iliyosomwa kijijini msimu ule ule, uhakiki ungalikuwa kazi ya siku moja kwa kila kijiji.

Sasa tuje kwenye utaratibu wa leo. Tarehe 8 Agosti 2022, kwenye Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mbolea ya ruzuku kwa msimu wa 2022/23, na serikali ikatenga shilingi bilioni 150. Bei ya mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ilikuwa imefika wastani wa takriban shilingi 131,000 na ya Urea, mbolea ya kukuzia, takriban 124,000. Zote mbili zikashushwa hadi 70,000, na mbolea nyingine za kukuzia nazo zikashuka, CAN ikawa 60,000 na SA ikawa 50,000. Mkulima huandikishwa kijijini kwake, katika daftari linaloingizwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, hupewa namba yake kwa ujumbe wa simu, huenda kwa wakala na namba hiyo, na mfuko anaouziwa hutambuliwa kwa alama yake maalumu kabla ya kutoka dukani. Ukilinganisha na karatasi ya vocha, hii ni hatua kubwa, na wanaoitukana kila siku hawatutendei haki.

Hata hivyo naomba tuelewane juu ya kitu kimoja ambacho hata baadhi ya maofisa hukieleza vibaya. Katika utaratibu huu mkulima hapokei fedha ya serikali. Anayelipwa tofauti ya bei ni kampuni iliyoagiza au kuzalisha mbolea, baada ya mfumo kuthibitisha kwamba mfuko umeuzwa kwa mtu aliyesajiliwa. Mkulima anachopata ni punguzo, na punguzo humfikia yule tu aliyekwenda dukani na fedha yake. Kwa hiyo tunaposema wakulima wa wilaya fulani wamenufaika na ruzuku ya kiasi fulani, tunazungumzia malipo yaliyokwenda kwa kampuni kwa kutumia majina ya watu wa wilaya hiyo. Jina la mkulima ndilo hati ya malipo. Nadhani mtu ana haki ya kujua jina lake limelipiwa nini.

Fanyeni hesabu nami. Kwa bei za msimu ule wa kwanza, mwenye ekari moja ya mahindi aliyenunua mfuko mmoja wa DAP wa kupandia na mmoja wa Urea wa kukuzia alipata punguzo la takriban shilingi 61,000 na shilingi 54,000, jumla 115,000. Jirani yake mwenye ekari 50, akinunua kwa kipimo hicho hicho, alipata shilingi 5,750,000. Sisemi mwenye ekari 50 ni mwizi. Huenda yeye ndiye anayelisha mji. Lakini vocha ilikuwa na mpaka wa ekari moja, ruzuku hii hufuata ukubwa wa shamba lililoandikishwa, na ukubwa huo huanza na tamko la mkulima mwenyewe. Mtendaji mmoja mwenye vitongoji vitano, asiye na pikipiki wala kipimo, hawezi kuzunguka kupima mashamba ya watu 900. Mtu akisema ana ekari 20 wakati analima tatu, mifuko ya zile 17 itapata soko tu, na kwa kanda yenye mipaka na mitumbwi kama yetu soko hilo haliko mbali.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa Ziwa peke yetu. Sehemu kubwa ya mbolea ya nchi hii hutumika Nyanda za Juu Kusini, Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa, Ruvuma na Rukwa, ambako mahindi hayaendi bila mbolea na wakulima walikwisha kuizoea kabla ya ruzuku. Kwetu mkulima wa luseni, ule udongo wa kichanga wa miteremko, ana muhogo, viazi vitamu, mtama na pamba. Ana ng'ombe na samadi. Na mvua ikikatika Januari, fedha ya mfuko wa mbolea imeteketea. Ruzuku ya mbolea peke yake, hata ikigawiwa bila doa, haiwezi kutufikia kwa kiwango kile. Kanda ya Ziwa hufikiwa zaidi kupitia pamba, na huko nitarudi.

Nimekuwa nikifuatilia namna wenzetu wa Marekani wanavyofanya, si kwa sababu wao ni walimu wetu katika kila kitu, bali kwa sababu wamelipa ruzuku za mashamba tangu mwaka 1933 na makosa yao yameandikwa. Huko kila kaunti ya kilimo huhudumiwa na ofisi ya wakala wa mashamba wa serikali kuu, na juu ya ofisi hiyo kuna kamati ya wakulima wanaochaguliwa na wakulima wenzao. Mwaka 1996 mahakama ya Washington iliamua, katika shauri lililofunguliwa na gazeti la Washington Post, kwamba haki ya umma kujua nani analipwa ruzuku ya pamba ilizidi faragha ya wapokeaji. Kisha mwaka 2001 shirika la mazingira la Environmental Working Group liliweka kwenye intaneti majina ya wapokeaji kaunti kwa kaunti, na kiasi cha kila mmoja. Mtu yeyote anaweza leo kufungua kaunti ya mashambani ambayo hajawahi kuikanyaga akaona nani alilipwa.

Orodha ilipofunguliwa, mazungumzo yalibadilika. Kabla ya hapo kila mbunge alisimama akazungumzia mkulima mdogo na watoto wake. Baada ya hapo ikaonekana kwamba asilimia 10 ya juu ya wapokeaji huchukua zaidi ya robo tatu ya malipo ya mazao. Mwaka 2006 gazeti lile lile liliandika kwamba tangu mwaka 2000 serikali ilikuwa imelipa dola bilioni 1.3 kwa watu wasiolima kabisa, wakiwamo wenye nyumba zilizojengwa juu ya yaliyokuwa mashamba ya mpunga huko Texas, kwa sababu malipo yalifuata historia ya ardhi na hayakumwuliza mtu kama bado anashika jembe. Malipo ya aina hiyo yalifutwa na sheria ya mwaka 2014. Yalichukua miaka kufutwa, na wakubwa bado wanapata sehemu kubwa kwa njia nyingine, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba nimesema orodha inatibu kila ugonjwa. Ninachosema ni kwamba bila orodha hata ubishi wenyewe usingekuwa na mahali pa kuanzia.

Kisa cha mwaka 1933 chenyewe kinatugusa zaidi, kwa kuwa kilihusu pamba. Bei ilikuwa imeanguka, na serikali ya Marekani ikaamua kuwalipa wakulima waing'oe pamba iliyokwisha kuota, takriban ekari milioni 10, ili pamba iliyojaa ghalani ipungue. Mkataba ulisainiwa na mwenye shamba. Lakini katika majimbo ya kusini, aliyekuwa akilima shamba hilo mara nyingi alikuwa mpangaji, anayegawana mavuno na mwenye ardhi, na fedha iliyopaswa kumfikia ilipitia mkono wa mwenye ardhi. Wengine hawakuiona, wengine, eneo la kulima lilipopungua, walifukuzwa na familia zao. Mwaka 1934 wapangaji weusi na weupe wa jimbo la Arkansas walianzisha chama chao kudai haki, wakati ambapo weusi na weupe kuketi chumba kimoja huko kulikuwa hatari ya maisha.

Sasa niambieni, viongozi wa Misungwi na Magu, majaruba ya mpunga kule mbugani hulimwa na nani? Mengi hukodiwa kwa msimu. Mwenye jaruba anaishi mjini, mpangaji ndiye anayefyeka, anayepandikiza na anayelala shambani kuwafukuza ndege. Nani ameandikishwa? Mwenye jaruba akiandikishwa peke yake, namba ya ruzuku iko kwenye simu ya mtu asiyelima, na mpangaji ananunua mbolea kwa bei kamili au anaombaomba namba. Wote wawili wakiandikishwa, jaruba moja linanywa mbolea mara mbili kwenye karatasi. Na ndani ya kaya nako kuna swali: namba imeandikwa kwa jina la baba, naye yuko ziwani kwa miezi akivua dagaa, na simu anayo yeye. Mama analima, ila mfumo haumtambui. Hakuna msimbo wa kompyuta utakaomwona mama huyo. Lakini jina la mumewe likisomwa mkutanoni, pamoja na mifuko sita ambayo haikuwahi kufika nyumbani, atanyoosha mkono.

Tayari tunao mfano wetu, tena hapa hapa. Kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, orodha ya kaya zinazopendekezwa hupelekwa mbele ya wanakijiji, majina yakasomwa, na watu wakasema huyu anastahili na yule ana duka la vipuri. Kwa miaka mingi tumemwambia bibi anayepokea fedha ndogo ya kununulia unga kwamba ufukara wake ni jambo la kujadiliwa hadharani, kwa kuwa fedha ni ya umma. Na tukamwona mwenye ekari 50, aliyepata punguzo la mamilioni, kuwa mtu ambaye habari zake ni siri ya ofisi. Mimi sioni hoja ya kisheria wala ya adabu inayoweza kusimama juu ya tofauti hiyo.

Nitaambiwa ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kweli ipo, na ni sheria nzuri. Ipo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, na Ibara ya 18 ya Katiba nayo ipo. Kulinda taarifa binafsi ni kutokubandika namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya simu na akaunti ya benki. Nami nawasihi watendaji wasifanye hivyo hata kwa bahati mbaya, maana matapeli wa simu watafika kabla ya mkaguzi. Jina, kitongoji, ekari zilizoandikwa na mifuko iliyonunuliwa ni habari ya matumizi ya fedha ya umma. Wamarekani wenyewe, kwa sheria yao ya mwaka 2008, walizifunga ramani za mashamba na takwimu za uzalishaji za mtu mmoja mmoja, ila malipo yakaachwa wazi. Ulaya walipitia njia yenye miiba zaidi: mwaka 2010 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha utangazaji wa majina ya watu binafsi kwa jinsi ulivyokuwa, ikisema haukupimwa vizuri, na mwaka 2013 sheria ikaandikwa upya, majina yakarudi, isipokuwa ya wanaopata kiasi kidogo kisichozidi yuro 1,250. Huo mpaka wa wadogo naupenda. Kama kuna hofu, tuanze na wanaopata zaidi ya mifuko kumi.

Hofu ninayoisikia zaidi vijijini, hata hivyo, haihusu sheria. Watu husema jina likisomwa na mifuko ikatajwa, majirani watakuona tajiri, watakuja kukopa, na wengine watakuangalia kwa jicho baya. Siidharau hofu hiyo. Tunaishi Usukuma, na tunajua wivu umeshawahi kuua wazee wetu wenye macho mekundu, wakiitwa wachawi. Lakini mbolea si kitu cha kuficha chini ya kitanda. Mifuko 40 ikishushwa kutoka kwenye fuso mbele ya nyumba, kijiji kizima kimehesabu kabla dereva hajafunga mlango. Kisichojulikana ni mifuko iliyonunuliwa kwa majina ya watu na haikushushwa popote, na hiyo ndiyo ambayo orodha itaifichua.

Nilisema nitarudi kwenye pamba. Mbegu na viuatilifu vya pamba havipiti kwa wakala wa mbolea. Hupitia chama cha msingi, yaani kwenu ninyi mlioketi mbele yangu, chini ya usimamizi wa Bodi ya Pamba. Kwa misimu mingi gharama yake imekuwa ikirudishwa kwa makato kwenye kila kilo ya pamba inayouzwa, na serikali nayo imekuwa ikichangia kwa kiasi kinachobadilika msimu hadi msimu. Utaratibu wa makato kwa kilo una tatizo ambalo halisemwi vya kutosha: anayevuna kilo 2,000 hukatwa kwa kilo 2,000 hata kama aliambulia chupa mbili za dawa, na aliyechukua chupa ishirini kisha akapeleka pamba yake kuuza kwa jina la shemeji yake hajakatwa kitu kwa jina lake. Mkulima mwaminifu anamlipia ruzuku jirani yake, wala hakuna waziri aliyepanga hivyo. Daftari la nani alichukua dawa kiasi gani lipo, linaandikwa kila msimu, na wanachama wengi hawajawahi kusomewa hata ukurasa mmoja. Katibu ndiye analo, na ukiliuliza unaambiwa mwenyekiti amesafiri.

Nayasema haya katika mkoa ambao ushirika wake ulizaliwa kwa jambo kama hili hasa. Wakulima wa pamba wa miaka ya 1950, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunda vyama vyao vya msingi kwa sababu hawakuamini mizani ya wanunuzi, wakataka wapimaji wao wenyewe. Na kufikia mwaka 1955 walikuwa na shirikisho lao la Victoria Federation. Babu zetu hawakuwa na mfumo wa kompyuta. Walikuwa na mtu wao amesimama kando ya mizani, anatazama na kuandika.

Na kwa kuwa tumeitaja pamba, niongeze jambo dogo la mbali ambalo siwezi kuliacha. Ruzuku za pamba za Marekani ziliwahi kulalamikiwa na Brazil mbele ya Shirika la Biashara Duniani kuanzia mwaka 2002, kwa hoja kwamba zinashusha bei ya dunia, na Brazil ilishinda. Badala ya kuziondoa mara moja, Marekani ilikubali mwaka 2010 kulipa dola milioni 147.3 kwa mwaka kwa taasisi ya pamba ya Brazil, na mwaka 2014 ikamaliza shauri kwa dola milioni 300 zaidi. Mkulima wa Marekani akaendelea kulipwa, mkulima wa Brazil naye akapata fungu, na mkulima wa Afrika akauza kwa bei ile ile. Brazil iliwezaje? Ilikuwa na takwimu za malipo, mwaka kwa mwaka, na ikazitia mezani.

Sasa utekelezaji, na hapa nitasema kwa ufupi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaupa mkutano mkuu wa kijiji uwezo wa kuhoji, na mkutano huo unatakiwa kukutana walau kila miezi mitatu. Hatuhitaji chombo kipya. Orodha ya uandikishaji isomwe mkutano wa Septemba au Oktoba, kabla ya kupanda, ili asiye na shamba atolewe mapema na mpangaji wa jaruba aingizwe. Orodha ya manunuzi isomwe mkutano wa Machi au Aprili, ikiwa na jina la aliyeandikishwa, kitongoji, ekari, mifuko na jina la duka la wakala. Hilo la wakala msiliache, kwa kuwa malalamiko yakikusanyika kwa duka moja kutoka vijiji vitatu, mmeshapata mahali pa kumtuma mkaguzi. Pingamizi liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, likiwa na jina la anayepinga, kwa sababu uvumi usio na mwenyewe tumeuchoka, na ofisa ugani aende shambani akaangalie kabla ya jina kufutwa. Mtu asifutwe kwa kelele za mkutano.

Halmashauri italazimika kuuomba mfumo wa mbolea utoe orodha kwa kijiji kimoja kimoja, na hilo linaweza kuchukua barua kadhaa kwenda na kurudi Dodoma. Daftari la pamba halihitaji barua. Liko kwenye makabati yenu, na mkutano wa wanachama kabla ya kufungua msimu wa ununuzi mwezi Mei mnao kila mwaka. Anzeni na hilo, lisomwe jina kwa jina, chupa kwa chupa, na katibu awepo.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kuwasilisha. Wabheja sana.